Tableti Ipi Ununue Lubumbashi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kati ya Galaxy Tab na iPad

Anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki katikati ya Lubumbashi kwa nia ya kununua tableti hukuta visanduku vyenye majina yanayokaribiana mno: Tab A9, Tab A9+, Tab S9, Tab S9 FE, Tab S9 FE+, iPad, iPad Air, iPad mini, iPad Pro. Mwuzaji humwambia, “Papa, hii njo mupya,” naye hulipa. Wiki moja baadaye huanza maswali ambayo nimeyasikia mara nyingi kiasi cha kunifanya niandike mwongozo huu.

Wapo wanafunzi walionunua Tab A9 wakidhani ni kubwa kuliko Tab A8. Yupo mama aliyelipia iPad ya kutumia mtandao wa simu, kisha akazunguka na kadi yake ya SIM mkononi akitafuta tundu ambalo kifaa hicho hakina. Yupo pia mhandisi aliyekwenda mgodini na tableti isiyoweza kumwonyesha mahali alipo. Wote walinunua vifaa halisi na vizima, ila walichagua kwa jina.

Nitazungumzia Samsung na Apple tu, kwa sababu ndizo zenye modeli nyingi zinazochanganya watu. Modeli nilizozitaja zinafikia mwisho wa 2025.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi mbili za ukubwa wa A4 na kalamu.
- Simu yenye intaneti, ili uweze kutafuta namba ya modeli ukiwa dukani.
- Kadi yako ya SIM ya ukubwa wa nano yenye bando, pamoja na pini ya kufungulia trei.
- Anwani ya Google au ya Apple ambayo nenosiri lake unalikumbuka kwa hakika. Wengi hukwama hapa, wakashindwa kukijaribu kifaa.
- Chaja nzuri ya USB-C na betri ya akiba, kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati wowote ukiwa dukani.
- Faili moja ya PDF unayoitumia kwelikweli, iwe silabasi, mkataba au ramani, uliyoihifadhi katika simu.
- Dola zilizo safi. Unajua mwenyewe kwamba noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa, na si vizuri mapatano yavunjike kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 1: Andika kazi tatu, kisha kunja karatasi

Kabla hujaona kifaa chochote, andika kazi tatu ambazo tableti itazifanya kila wiki. Usiandike “kusoma” wala “kazi za ofisi”, kwa maana maneno hayo hayachagui chochote. Andika, kwa mfano, “kusoma silabasi za PDF na kuandika maelezo pembeni kwa kalamu”, au “kurekodi mahali pa sampuli za udongo nje ya mji”, au “watoto kutazama masomo ya video jioni umeme ukiwa umekatika”. Sentensi ya namna hiyo hukuambia mara moja kama unahitaji kalamu, kipokezi cha GPS, au betri kubwa.

Ukubwa wa skrini ndio jambo ambalo watu hulikosea zaidi, kwa sababu inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe na jicho halikadirii vizuri namna hiyo. Chukua karatasi moja ya A4 na uikunje mara moja katikati. Hivyo ndivyo ukurasa mzima wa A4 utakavyoonekana katika skrini ya inchi 11 ya Samsung, ambayo ina upana wa sentimita 15 hivi. Chukua ya pili na uikunje mara mbili. Katika skrini ya inchi 8.7 ukurasa huo utakuwa mkubwa kidogo tu kuliko kipande hicho, kwa maana upana wake ni kama sentimita 11. Skrini ya iPad ya kawaida ni fupi kidogo kuliko ya Samsung ya inchi 11 lakini ni pana zaidi, karibu sentimita 16, na kwa hiyo huonyesha ukurasa wa PDF kwa ukubwa zaidi ingawa inchi zake haziizidi.

Sasa jiulize kama unaweza kusoma maandishi ya silabasi yakipunguzwa hadi ukubwa wa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kwa filamu, WhatsApp na vitabu vya hadithi, skrini ndogo inatosha na inaingia mkobani. Kwa PDF za chuo au mikataba, inchi 8.7 ni adhabu.

Umefaulu hatua hii ikiwa una sentensi tatu na ukubwa mmoja wa skrini ulioamua mwenyewe.

## Hatua ya 2: Gawa fedha zako mafungu mawili

Fungu la kwanza ni la kifaa. La pili ni la vitu vinavyokizunguka: kifuko kigumu, kioo cha kinga, kalamu, kibodi, kadi ya kumbukumbu na chaja. Visanduku vingi vya Galaxy Tab siku hizi huja na kebo bila kichwa cha chaja, na hata kikiwamo kinaweza kuwa na meno ambayo hayaingii katika soketi zetu.

Nakushauri utenge angalau robo ya fedha zote kwa fungu hili la pili. Bei za iPad huwashawishi watu vibaya hapa: iPad (A16), iitwayo hivyo kwa jina la prosesa yake, yaani chipu inayoendesha kifaa, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2025 kwa dola 349, lakini toleo lenye mtandao wa simu lilikuwa dola 499, na kalamu ya Apple ya bei ya chini kabisa iliongeza dola 79. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya mfanyabiashara hadi kifaa kifike Lubumbashi, uone kama bado unazungumzia bei ile uliyoiona katika intaneti.

## Hatua ya 3: Soma majina ya Samsung kwa kuanzia na herufi

Katika Galaxy Tab, herufi ni ukoo, namba ni kizazi, na alama ya + ni ukubwa wa skrini. Asiyejua mpangilio huo hudhani kwamba namba kubwa ni kifaa bora.

Ukoo wa A ni wa bei nafuu na unatosha kwa familia nyingi. Ukoo wa S ni wa juu, wenye skrini bora, prosesa zenye nguvu na kalamu ndani ya kisanduku. Kati yao kuna vifaa vyenye jina la S lakini vilivyopunguzwa ili bei ishuke, navyo huongezewa FE au Lite mwishoni. Kwa hiyo Tab S9 FE si Tab S9 iliyoboreshwa, bali ni kifaa kingine chenye prosesa dhaifu zaidi. Si kifaa kibaya hata kidogo, kwani kinastahimili maji na kinakuja na kalamu. Ubaya ni kukilipia kwa bei ya S9.

Mitego ya ukoo wa A iko katika namba. Tab A8, iliyotangazwa Desemba 2021, ina skrini ya inchi 10.5. Tab A9, iliyotoka Oktoba 2023, ni ya inchi 8.7 tu, na anayetaka kubwa sharti achukue Tab A9+ ya inchi 11. Baada ya hapo Samsung iliruka 10 na mwaka 2025 ikaleta Tab A11 na Tab A11+ kwa utaratibu ule ule: isiyo na + ni ndogo. Kwa hiyo mwuzaji akikuambia ana “Tab A10”, uwe macho. Huenda ana Tab A 10.1, ambayo ni ya 2016 au ya 2019, na hiyo 10.1 ni inchi za skrini, haihusiani na kizazi.

Ukoo wa S nao una mapengo yake. Mwaka 2023 kulikuwa na S9, S9+ na S9 Ultra. Mwaka 2024 zilitoka S10+ na S10 Ultra pekee, bila S10 ya kawaida. Mwaka 2025 zikafuata S10 FE, S10 FE+ na S10 Lite, kisha S11 na S11 Ultra, safari hii bila S11+. Maana yake ni kwamba ukionyeshwa kifaa kinachoitwa “Tab S10” bila neno lingine, karibu kila mara kitakuwa FE au Lite. Nayo Tab S6 Lite imeuzwa kwa jina hilo hilo mara tatu, mwaka 2020, 2022 na 2024, kila mara ikiwa na prosesa tofauti ndani.

Dawa ya vurugu hii ni namba ya modeli, inayoanza na SM. Imeandikwa kwenye kibandiko cha kisanduku na ndani ya Mipangilio, katika sehemu ya maelezo ya tableti. Kifaa kikiwa katika Kifaransa, fungua “Paramètres”, kisha “À propos de la tablette”. Mifano michache:

- SM-X110 ni Tab A9 ya Wi-Fi pekee, na SM-X115 ni Tab A9 yenye tundu la SIM.
- SM-X210 ni Tab A9+ ya Wi-Fi, na SM-X216 ni Tab A9+ yenye SIM.
- SM-X510 ni Tab S9 FE ya Wi-Fi, na SM-X516 ni ile yenye SIM.
- SM-P610 na SM-P615 ni Tab S6 Lite ya 2020. SM-P613 na SM-P619 ni ya 2022. SM-P620 na SM-P625 ni ya 2024.

Utaona kwamba tarakimu ya mwisho ikiwa 0, mara nyingi ni Wi-Fi pekee, na ikiwa 5 au 6, mara nyingi kuna SIM. Ile ya 2022 inavunja desturi hiyo, na ndiyo sababu nasema utafute namba nzima katika simu yako kabla ya kulipa. Namba ya kisanduku na namba ya ndani ya kifaa zikitofautiana, rudisha kisanduku na usihoji zaidi.

## Hatua ya 4: Soma majina ya iPad kwa kuuliza “namba hiyo ni ya nini?”

Apple ina majina manne tu: iPad, iPad mini, iPad Air na iPad Pro. Tatizo ni kwamba jina moja hubeba vifaa vya miaka mingi, na wauzaji wetu hujaza pengo kwa namba wanazozitamka wenyewe.

Mfano mzuri ni “iPad 11”. Mmoja humaanisha iPad (A16) ya Machi 2025, ambayo ni ya kizazi cha 11. Mwingine humaanisha iPad Pro ya inchi 11, ambayo ya kwanza ilitoka 2018. Wa tatu humaanisha iPad Air ya inchi 11, iliyoanza 2024. Vifaa vitatu, jina moja la mtaani, na bei zinazoachana kwa mamia ya dola. Kila ukisikia namba baada ya neno iPad, uliza kwa upole kama ni inchi, kizazi au mwaka, kisha geuza kifaa na usome namba inayoanza na A mgongoni.

Kwa iPad za kawaida za Wi-Fi, A2602 ni ya kizazi cha 9 ya mwaka 2021, A2696 ni ya kizazi cha 10 ya mwaka 2022, na A3354 ni ile ya A16. Ya kizazi cha 9 unaitambua hata bila namba: ina kitufe cha duara chini ya skrini, tundu la chaji la Lightning, na ndiyo iPad ya mwisho kuwa na tundu la spika za masikioni za waya. Nyumba yenye watoto watatu na spika za masikioni za dola mbili itaikumbuka sana tofauti hiyo.

Maoni yangu ni kwamba kwa asiyefanya kazi ya picha, video au usanifu, iPad ya kawaida inatosha, na fedha za Air zingefaa zaidi kununulia kalamu, kifuko na betri ya akiba. Pro ni kifaa kizuri sana ambacho watu wengi hukitumia kutazamia video. Usilipe zaidi kwa ajili ya Apple Intelligence pia, yaani huduma ya akili bandia ya Apple: iPad (A16) haina huduma hiyo, mini ya 2024, Air na Pro mpya zinayo, lakini haizungumzi Kiswahili.

## Hatua ya 5: Amua juu ya SIM kabla ya jambo lingine lolote dukani

Wakazi wengi wa mji huu hawana intaneti ya waya nyumbani. Wananunua bando za Vodacom, Airtel, Orange au Africell, na kwao swali la SIM lina uzito kuliko prosesa. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni tableti ya Wi-Fi pekee inayopokea intaneti kutoka kwenye simu yako. Ni nafuu, na bando moja hutosha vifaa vyote viwili. Hasara yake ni kwamba simu inayorusha intaneti huishiwa chaji haraka, na siku umeme wa SNEL usipokuwepo unapoteza vyote viwili kwa pamoja. Aidha, tableti ikibaki na watoto Katuba nawe uko kazini mjini, haina intaneti.

Njia ya pili ni tableti yenye mtandao wake. Hapa ndipo mama yule niliyemtaja mwanzoni alipoumia. iPad za kizazi cha 9 na cha 10 zenye mtandao wa simu zina trei ya kadi ya nano. Lakini iPad (A16), iPad mini ya 2024, iPad Air tangu ile yenye prosesa ya M2, na iPad Pro tangu ile ya M4, zenye mtandao wa simu, zinatumia eSIM pekee, yaani laini inayosajiliwa ndani ya kifaa bila kadi; hazina tundu la kadi. Kwa hiyo kabla ya kununua mojawapo, nenda kwanza katika duka la mtandao wako ukaulize mambo mawili: kama wanatoa eSIM kwa tableti, na kama namba uliyonayo inaweza kuhamishwa. Jibu likiwa na kigugumizi, chukua Galaxy Tab yenye trei, au toleo la Wi-Fi.

Tahadhari ya pili inawahusu wanajiolojia, wapima ardhi na wote wanaokusanya data kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. iPad ya Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS. Mjini hukadiria mahali kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, na kwa hiyo huonekana kama inafanya kazi, lakini porini hukaa kimya. iPad yenye mtandao wa simu inacho kipokezi hicho, hata usipoweka laini yoyote. Galaxy Tab A9 na A9+ zina GPS hata katika matoleo ya Wi-Fi, jambo ambalo peke yake limewaamulia wanafunzi kadhaa ninaowafahamu.

Usilipe zaidi kwa sababu tu kisanduku kina maandishi ya 5G. Katika Tab A9+ utalazimika kuichukua ili upate SIM, na hiyo ni sababu halali. Kwa masomo, barua na video za kawaida, 4G nzuri inatosha.

## Hatua ya 6: Kumbukumbu mbili zisizofanana

Kwanza RAM. Sisemi ile tozo ya simu ya jina hilo iliyokatwa kwenye yuniti zetu kuanzia 2020 hadi ilipofutwa 2022, bali kumbukumbu ya kazi, ambayo hukuwezesha kufungua programu kadhaa bila kifaa kusita. Kwa Android, gigabaiti 4 ni kiwango cha chini cha kuvumilika, 6 au 8 ni raha. Kisanduku kikiandika “8+8”, hesabu 8 ya kwanza tu, kwa sababu ya pili ni nafasi iliyoazimwa kutoka kwenye hifadhi na haina kasi hiyo.

Pili ni hifadhi ya faili. Katika tableti ya gigabaiti 64, mfumo wenyewe hula sehemu kubwa tangu siku ya kwanza. Galaxy Tab A9 na A9+ zinakubali kadi ya microSD, kwa hiyo video na PDF zinaweza kukaa huko. iPad haina tundu la kadi ya kumbukumbu, katika modeli yoyote. Kwa hiyo gigabaiti 64 kwa Samsung zinaweza kukutosha, lakini kwa iPad nakushauri uanzie 128, ambacho ndicho kiwango cha chini cha iPad (A16).

Ukikuta tableti isiyo na jina linalojulikana, inayodai RAM ya gigabaiti 16 na hifadhi ya gigabaiti 512 kwa dola 80, usipoteze muda kuipima. Maandishi yanayoonekana ndani ya Mipangilio yanaweza kubadilishwa na aliyeitengeneza.

## Hatua ya 7: Kalamu

Asiyehitaji kalamu aruke hatua hii.

Kwa Samsung, ukoo wa S pamoja na FE na Lite huja na S Pen ndani ya kisanduku. Tab A9 na A9+ hazifanyi kazi na S Pen kabisa. Kalamu ya mpira inayouzwa kando yake hugusa skrini kama kidole kinavyogusa, na mwandiko wako utafanana na wa mtoto.

Kwa iPad, kila kifaa kina kalamu zake. Ya kizazi cha 9 inatumia Apple Pencil ya kwanza tu. Ya kizazi cha 10 na A16 zinatumia ya kwanza kwa msaada wa kiunganishi kidogo, au ile ya USB-C. Air ya M2 na ya M3, Pro ya M4 na mini ya 2024 zinatumia Apple Pencil Pro au ya USB-C. Apple Pencil ya pili, ambayo huuzwa sana ikiwa imetumika, haifanyi kazi na iPad yoyote ya kawaida wala na hizo mpya. Ni ya Air za 2020 na 2022, mini ya 2021 na Pro za 2018 hadi 2022. Ile ya USB-C haitambui mkazo wa mkono, kwa hiyo inafaa kuandikia lakini haimridhishi mchoraji.

## Hatua ya 8: Hesabu miaka iliyobaki, hasa kwa kifaa kilichotumika

Kifaa kisichopokea masasisho huanza kukataliwa na programu moja baada ya nyingine. iPadOS 26, toleo la mfumo wa iPad lililotoka Septemba 2025, inakubali iPad ya kizazi cha 8 na kuendelea. iPad ya kizazi cha 7 ya mwaka 2019, ambayo bado inauzwa ikiwa imeng’arishwa kama sufuria ya harusi, imeachwa nje. Sitainunua hata kwa bei ya kirafiki.

Kwa Samsung, fungua sehemu ya maelezo ya programu na usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa kifaa kimeunganishwa na intaneti, umekiamuru kitafute sasisho, na bado tarehe inabaki ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita, jua kwamba kimesahauliwa.

## Hatua ya 9: Jaribio la dukani

Omba dakika arobaini. Mwuzaji akizikataa kwa kifaa kilichotumika, ondoka.

1. Linganisha namba ya modeli ya kisanduku, ya mgongoni na ya ndani ya Mipangilio.

2. Kama kifaa kimetumika, kifute chote mbele ya mwuzaji, kisha kiunganishe na intaneti na ukianzishe upya. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na inayoumiza zaidi. Kufuli ya mwenye kifaa wa zamani haionekani wakati tableti imefunguliwa na inacheza video vizuri. Hujitokeza baada ya kufutwa, inapodai nenosiri la mtu ambaye humjui. Kwenye iPad angalia pia kama unatokea ukurasa wa “Gestion à distance”, ambao unamaanisha kwamba kifaa bado kinasimamiwa na kampuni au shule fulani. Rafiki yangu mmoja alinunua ya namna hiyo kwa sababu ilikuwa safi kuliko nyingine zote mezani; ilikuwa safi kwa kuwa haikuwa na mtu wa kuitumia. Utajua umefaulu ukifika ukurasa wa mwanzo kwa kutumia anwani yako pekee.

3. Kwenye Samsung, fungua Play Store, uingie katika mipangilio yake, na usome sehemu ya maelezo ya programu. Panapaswa kuandikwa kwamba kifaa kimeidhinishwa. Bila maandishi hayo, huenda ni bandia au mfumo wake umechezewa.

4. Ingiza SIM yako, zima Wi-Fi, na ufungue ukurasa wowote. Usikubali maneno “itashika mtandao ukifika nyumbani”.

5. Fungua ile PDF uliyokuja nayo. Sasa ndipo utakapojua kama karatasi uliyoikunja ilikuambia kweli.

6. Weka picha nyeupe ijaze skrini na utafute madoa, kisha buruta alama ya programu kutoka pembe moja hadi nyingine. Ikidondoka katikati, kioo kina sehemu isiyohisi kidole.

7. Chomeka chaja na uache kwa dakika kumi. Tundu la USB-C lililolegea ni ugonjwa wa vifaa vingi vilivyotumika, na hujionyesha kebo inapoguswa kidogo tu.

## Hatua ya 10: Malipo na usiku wa kwanza

Dai risiti yenye namba ya modeli na namba ya kifaa, si neno “tableti” peke yake. Andika juu yake siku ambazo mwuzaji amekubali kukirudisha, naye atie sahihi. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hifadhi ujumbe wa malipo.

Usiku huo huo pima chaji. Betri ya Tab A9+ ni ya miliampea-saa 7040. Kwa chaja ya wati 15 inahitaji zaidi ya saa mbili, na kwa kichwa cha zamani cha simu cha wati 5 itahitaji saa sita au zaidi, muda ambao mtaa wako huenda haupati umeme kwa mfululizo. Betri ya akiba iliyoandikwa 10,000 itaijaza mara moja hivi, haitafika mara mbili, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea njiani.

Kisha cheza video kwa saa moja, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Ikiwa imepoteza asilimia 10 hadi 15, betri ni nzima. Ikiwa imepoteza 25 au zaidi, irudishe ndani ya kisanduku pamoja na risiti, na kesho asubuhi uwe mlangoni mwa duka kabla mwuzaji hajapata wateja wengine.